Nyoka Aliyepokelewa kwa Mikono Miwili

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wa jirani. Wala hayakuanza usiku. Najua mmezoea kusikia kwamba vitu vya namna hii hungoja giza. Hiki kilikuja mchana, jua likiwa utosini, ziwa la Mweru likimeta mpaka macho yanauma, na tulikuwa watatu mahali pale. Mmoja ni msomi kutoka Lusaka ambaye mpaka leo haamini. Wa pili ni mdogo wangu Kasongo, ambaye anaamini kiasi kwamba hataki tena kuniona uso. Wa tatu ni mimi, na mimi sina faida yoyote ya kuwadanganya.

Sisi ni watu wa Kongo. Tulivuka kuja upande huu wa Zambia tungali wadogo. Baba alifia huku, kisha mama, na mimi nikiwa mkubwa niliacha shule katika darasa la sita ili wengine wasome. Nyuma yangu yuko Kasongo, kisha Furaha, kisha Deo. Niliwalea kwa dagaa wa ziwa hili, wale tunaowaita chisense, na kwa mandazi. Nyumba yetu iko Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, mbali na ziwa. Asubuhi nilikuwa nashuka Kashikishi sokoni, jioni napanda tena kupika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Mafuta ya mandazi ndiyo yaliyonirukia siku moja na kuniachia kovu hili linalokata nyusi yangu ya kulia. Tafadhali likumbukeni hilo kovu.

Mwaka ule, miezi ya kufungwa uvuvi ilipofika, biashara yangu ilisimama kama kila mwaka. Ndipo alipokuja Ba Chanda, yule msomi wa Lusaka; huku "Ba" ni kama "Bwana". Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani na viatu vya mpira, na kazi yake ilikuwa nyoka. Usicheke. Alikuwa anamtafuta swila wa maji, yule mwenye pete nyeusi shingoni, anayekula samaki na kulala kwenye mawe. Alisema nyoka huyo anazidi kutoweka, wavuvi humuua kila anaponaswa kwenye nyavu, na hakuna anayejua amebaki sehemu zipi za ziwa. Yeye alitaka kupata sehemu mpya, aziweke kwenye ramani, ili zilindwe. Alijua Kibemba na Kiingereza, lakini kambi nyingi za uvuvi zina Wakongomani, nao humjibu mgeni kwa Kiswahili hata kama Kibemba wanakijua. Akahitaji mtu wa kumfasiria. Nikachukua kazi ile. Kasongo akachukuliwa kuendesha boti.

Niamini, kazi ilikuwa rahisi na ilikuwa ya kuchekesha. Tulikuwa tunafika kambi, ninapiga magoti kidogo kuwasalimu wazee, Ba Chanda anatoa simu na kuonyesha picha ya nyoka. Kila mtu anaitazama. Kila mtu anatikisa kichwa. Hapa? Hapa hapana. Labda kambi ile ya mbele. Tunakwenda ya mbele, wanatuambia labda ile tuliyotoka. Tulivuka mpaka kisiwa cha Kilwa, kilicho humu humu ziwani, na watu wa Kilwa wakatuonyesha nchi kavu. Mvuvi mmoja alimwangalia Ba Chanda kwa huruma akaniambia, "Mwambie hapa kuko samaki na bakwe bangu tu. Aende Mununga, kule njo kuko batu babaya." Nyuma yake, kwenye ua wa matete, ngozi ya nyoka ilikuwa inakauka, pete zake zinaonekana wazi. Nilipoitazama, mke wake alisema ni mkanda.

Ba Chanda alidhani wanaogopa serikali. Haikuwa hivyo. Pande hizi za Luapula kuna kitu kinaitwa ilomba. Ni nyoka wa kufugwa kwa uchawi. Anamletea bwana wake bahati, nyavu zake hujaa hata wengine wakirudi bila kitu, lakini chakula chake ni roho za ndugu wa huyo bwana, mmoja baada ya mwingine. Wanasema pia anachukua sura ya bwana wake, na kwamba ukimuua nyoka umemuua mtu. Sasa, mtu akija kukuuliza mbele ya watu kama nyoka mkubwa wa maji anaishi kwako, utajibu nini? Ukisema ndiyo, umejitangaza mwenyewe kuwa mchawi. Kwa hiyo nyoka wa ziwa hili siku zote anaishi kwa jirani. Nilimweleza Ba Chanda. Alicheka, akasema basi tutamfuata kwa jirani mpaka ziwa liishe.

Tukafuata. Ng'ambo ya Mununga tuliona kibanda kimoja peke yake, kati ya mawe na matete. Hakukuwa na mtumbwi wa pili, hakukuwa na mwanamke akikwangua sufuria, wala mtoto wa kukimbilia boti. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe lote kama ute wa yai lililochemka.

Nilipiga goti, nikapiga makofi kidogo kama wanavyofanya huku, nikamsalimu kwa kumwita tata, yaani baba. Akaitikia kwa Kiswahili chetu cha Katanga, safi kabisa, nikafurahi kama nimekuta mtu wa nyumbani. Nikamwonyesha picha.

"Huyu?" akasema. "Iko hapa. Iko kwangu."

Ba Chanda aliniuliza mzee amesema nini. Katika ufuko mzima, watu wote wale, hakuna aliyewahi kusema neno lile. Nikafasiri. Ba Chanda akashika kichwa kwa furaha, akaanza kuvaa glovu zake.

Mzee hakumjali. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Mama yako iko?"

"Hayuko, tata. Alishatangulia."

"Na baba?"

"Naye vilevile."

"Pole, mutoto yangu. Na bandugu?"

Nyinyi mnajua namna tunavyolelewa. Mzee akikuuliza habari za nyumbani, unamtajia watu wako wote, kwa mpangilio, kutoka mkubwa hadi mdogo. Kuficha ni kiburi. Nikamwambia huyu kwenye boti ni Kasongo, anayemfuata ni Furaha, wa mwisho ni Deo, na mimi ndiye mama yao sasa. Kila jina alilipokea kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeonjeshwa mchuzi.

"Bako batatu," akasema. "Njo muzuri. Mimi bangu baliisha."

Nikamuuliza walipatwa na nini.

"Baliisha tu."

Kasongo alikuwa ameshuka kufunga kamba ya boti. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameona kitu nyuma ya kibanda, katikati ya mihogo: vilima vya udongo, vimepangwa mstari, virefu na vifupi, na kimoja kifupi sana. Nilimuuliza kwa nini hakuniita. Alisema alidhani nimeviona.

Mzee aliingia ndani, akatoka na kikapu chenye kifuniko. Kilikuwa kizito, maana alikuwa amekiegemeza kifuani. Ba Chanda alisogea mbele na ndoano yake ya kushikia nyoka, mkono mmoja umenyooka. Mzee akampita kana kwamba amepita mti. Akaja mpaka mbele yangu, akakinyoosha kikapu kwangu.

Mngefanya nini? Nawauliza kwa haki kabisa. Mzee wa kwenu, mwenye mvi, anakupa kitu kwa mikono yote miwili. Mimi sikufikiri. Magoti yangu yalijikunja yenyewe, mikono yangu yote miwili ikatoka yenyewe, nikapokea, na mdomo wangu ukasema, "Aksanti, tata."

"Mama yako alikufunza muzuri," akasema.

Kisha akarudi kwenye kigoda, akaegemea ukuta wa kibanda na kulala. Si kusinzia. Alilala kama mtu aliyetua gunia alilolibeba tangu ujana, mdomo wazi, anakoroma, kabla hata hatujafungua kikapu. Ba Chanda alisema wazee ndivyo walivyo kwenye joto.

Tulimtoa nyoka. Ba Chanda alimwelekeza kwa ustadi mkubwa aingize kichwa kwenye bomba la plastiki linalopitisha mwanga, ili asiweze kuuma, akaniomba nishike bomba wakati yeye anapima urefu na kukata kipande kidogo cha gamba la tumboni kuwa alama. Ndivyo wanavyofanya, ili wakimpata tena wamjue. Nilikuwa nimeinama, uso wangu na uso wa nyoka, plastiki tu kati yetu. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe lote.

Nilimwambia Ba Chanda. Akasema nyoka akikaribia kujivua gamba macho hufifia, ni kawaida. Sawa, nilikubali kwa upande wa nyoka. Lakini na mzee naye alikuwa anakaribia kujivua gamba?

Halafu yule nyoka akafumba macho na kuyafumbua.

Siku ya kwanza kabisa ya kazi, Ba Chanda alinifundisha jambo moja ambalo lilinishangaza: nyoka hana kope. Hawezi kufumba macho hata akilala, hata akifa. Huyu alifumba, polepole, kama mtu anayekusalimu bila watu wengine kujua. Ba Chanda alikuwa ameinama kwenye mkia. Kasongo aliona. Nilisikia kishindo chake akirukia ndani ya boti.

Tukamwachia nyoka kwenye mawe, akaingia majini. Ba Chanda akaweka nukta kwenye ramani ya simu yake: sehemu mpya, ambayo hakuna aliyewahi kuijua. Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Njia nzima ya kurudi aliimba peke yake.

Wiki hazikuwa nyingi alipopiga simu. Habari njema, dada. Nyoka wetu ameonekana tena, yule yule mwenye alama, na safari hii karibu na bandari ya Nchelenge. Sehemu mpya ya pili. Na jicho limepona kabisa, linang'aa. Ila ana jeraha lililopona juu ya jicho la kulia, ambalo hakumbuki kuliona siku ile.

Niliinua mkono nikagusa nyusi yangu.

Baada ya hapo simu zake zikawa zinakuja kama mvua. Amepatikana kwenye kijito kinachoingia ziwani. Amepatikana juu zaidi, kwenye kijito hicho hicho. Siku moja alinikuta sokoni akanionyesha ramani, macho yamejaa furaha, akasema hakuna aliyewahi kudhani swila wa maji anaweza kupanda mbali hivi kutoka ziwani, na kwamba kazi yetu itabadilisha mambo. Nukta zilikuwa zimepangwa kama nguo kwenye kamba. Upande mmoja wa kamba lilikuwa ziwa. Nukta ya mwisho ilikuwa kwenye daraja ninalolijua, maana hapo ndipo mdogo wangu Furaha alipokuwa anachota maji.

Nilikimbia kurudi nyumbani na kumkataza asiende tena kule. Hakuuliza sababu, Furaha hakuwa mtu wa kuuliza. Alisema tu kwamba amechoka siku hizi, na hata hivyo ndoo imekuwa nzito.

Akaanza kukonda. Kliniki walisema malaria, wakampa dawa, na mimi sibishani nao, walifanya yote waliyoweza. Watu wa kanisa walikuja kuomba. Alikuwa anakula, niamini, alikuwa anakula bukari kuliko Kasongo, na mifupa ilikuwa inazidi kutoka. Jioni moja nimerudi kutoka sokoni, nikakaa kitandani pake nikimpaka mafuta miguuni. Akaniambia:

"Dada, umekasirika na mimi?"

"Kwa nini nikasirike?"

"Kila mchana unarudi. Unakaa pale mlangoni unaniangalia tu, husemi kitu. Leo nimekuita, ukanifumbia macho."

Mchana huo wote nilikuwa Kashikishi. Mezani kwangu walipita watu wasiohesabika wanaoweza kunishuhudia. Furaha alikufa kabla ya Jumapili, akiwa na miaka kumi na tisa, na uso wake mpaka mwisho ulikuwa uso wa mtu anayetaka kusamehewa.

Msiba haujapoa, nikakutana na mzee. Sikumtafuta. Alikuwa anatembea katikati ya soko amenyoa ndevu, shati jipya, mwanamke kijana amemshika mkono. Macho yote mawili yalikuwa safi kama ya mtoto. Nilidhani atanikwepa. Alinijia kwa furaha, akanishika mabega kama binti yake.

"Unapunguka, mutoto yangu. Kula."

Nilimwambia achukue kitu chake. Nilimwambia hapo hapo, mbele ya dagaa na mbele ya watu, nitamrudishia kwa mikono miwili, nitapiga magoti, nitafanya anavyotaka.

"Hairudiake nyuma," akasema kwa upole kabisa. "Inaenda ku mbele tu. Mimi nilingoja miaka. Bote balikuwa banakataa, banakimbia, banasema uende ku jirani. Kisha we ukakuya, na heshima yako. Tafuta mutu wa heshima, umupatie. Batu ba heshima habakosekanake."

Alinunua chisense wangu kidogo, hakuomba hata nyongeza, akamkabidhi mke wake. Wakati wa kuondoka akageuka, kama mtu aliyesahau kusalimia nyumbani.

"Benye banabakia, ni bangapi?"

Wale waliobaki ni wangapi. Aliuliza hivyo, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. Hiyo ndiyo sehemu ninayoshindwa kuisahau. Hakuwa ananikejeli.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Kasongo kila kitu. Alichukua panga, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye shimo la maji tunakolowekea mihogo. Alikaa huko siku baada ya siku, na mimi sikumzuia. Mnasema ningemzuia? Tulikuwa tumemzika Furaha. Kama kuna mtu aliyepaswa kufa badala ya Deo, ni mimi, na nilikuwa tayari.

Nilikuwa jikoni nikikoroga bukari nilipohisi pigo mgongoni, chini ya ubavu, kama nimepigwa na mpini. Nikaanguka, mwiko mkononi. Pale chini nilisikia Kasongo akilia nje, sauti ya mtoto kabisa, sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu siku ya mama. Nikajivuta mpaka mlangoni. Alikuwa amesimama juu ya shimo, panga limeinuliwa kwa pigo la pili, na mikono yake haishuki. Majini, kati ya mihogo, nyoka alikuwa ameinua kichwa anamwangalia. Sitawaambia alikuwa na uso gani. Kasongo alitupa panga kwenye mihogo.

Tangu siku hiyo nachechemea.

Kasongo aliondoka na Deo wiki ile ile, wakavuka ziwa kwenda Pweto kwa shangazi. Pale kwenye boti nilitaka kumkumbatia, akarudi nyuma hatua moja. "Dada, nikikuangalia ninaona macho yale," akasema. "Unisamehe. Usitufuate." Deo alikuwa anapunga mkono, kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu.

Sikuwafuata. Nilihama Mantapala, nikaenda kuishi peke yangu upande wa Kafutuma, mahali ambapo sina ndugu wala mtu wa ukoo. Deo yuko shule. Ninamtumia samaki wakavu kwa wachuuzi wanaovuka, na ninawaagiza wasimpe salamu zangu wala wasiniletee zake. Hata jina lake nimeacha kulitaja ndani ya nyumba. Mtu ataniuliza kwa nini sichukui panga mwenyewe. Usiku mwingi nimelichukua. Lakini nikifa Deo atakuwa na nani wa kumtumia samaki? Tangu nilipoacha shule kazi yangu ni moja, kuwa mkubwa wao, na sijui kazi nyingine.

Ba Chanda hupita mara moja moja. Amempata nyoka wetu kwenye kijito kilicho nyuma ya nyumba yangu hii, akaweka nukta nyingine. Anasema hakuna swila wa maji aliyewahi kuandikwa mbali namna hii kutoka ziwani. Anasema pia amekonda sana, na hajui kwa nini, maana kijito kina samaki wengi. Mimi najua. Biashara yangu nayo inakwenda vizuri mno, watu wanapita meza zote wanakuja kwangu, na kila ninapoambiwa nina bahati nakosa usingizi.

Nimekataa mpaka sasa kumpa mtu mwingine. Nataka mjue hilo. Wasichana wengi wazuri wamekuja mezani kwangu, wamelelewa vizuri, wakipiga goti kabla ya kusema bei, na nimewahudumia kwa mkono mmoja, wa kushoto, kwa makusudi, mpaka wananiita mwanamke asiye na adabu. Acha waniite hivyo. Lakini wamebaki wawili tu wa kuliwa, Deo na Kasongo, na mimi ni mtu. Jana niliketi nikakuta mikono yangu inasuka kikapu chenye kifuniko, na sikumbuki nilikata matete lini.

Kwa hiyo nawaonya, nyinyi mnaopita ufuko huu na nyinyi mliolelewa kama nilivyolelewa. Ukiulizwa habari za ndugu zako na mtu usiyemjua, sema huna. Mtu akikunyooshea kikapu kilichofunikwa, weka mikono mgongoni. Mwache aseme huna adabu, mwache akulaani, kianguke chini. Usipokee, hata kama ni mwanamke mpole anayechechemea, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Hata kama ni mimi, na ninalia.